Mwandishi wa Tuva

Theluji imeanguka tangu jioni, imenifika magotini,
na mimi, mkwangua barabara wa Arvidsjaur,
nimeiegesha greda kando ya njia iendayo Moskosel.
Injini inanguruma kama paka aliyeshiba.
Taa ya ndani inawaka.
Mapajani mwangu kuna kitabu
nilichokiiba chini ya mto wa binti yangu.

Nimekiazima, tuseme. Nitakirudisha kabla hajaamka.

Ana miaka kumi na minne na miezi miwili.
Tangu Septemba ananipimia maneno kwa kijiko cha chai:
Ndiyo. Sijui. Basi. Funga mlango.
Lakini huyu Disa Rönnmark,
mwanamke asiyewahi kukanyaga jikoni kwetu,
asiyejua kwamba Tuva hali njegere,
kwamba alizaliwa ndani ya gari la wagonjwa
njiani, katikati ya msitu, mimi nikiwa nimeshika tochi,
huyo anapewa saa tatu nzima kila usiku.
Anapewa machozi.
Anapewa na kile kicheko
ninachokisikia kupitia ukuta wa mbao
nikiwa nimesimama na mswaki mdomoni.

Nilimwonea wivu. Nasema bila kumung'unya.

Nikaenda maktaba kwa Gunvor,
mwenye miwani mbili, moja puani, moja utosini.
Nikamwuliza: huyu mwandishi anawalisha nini watoto wetu?
Akapanga kadi zake kwanza. Gunvor hana haraka.
"Anawadanganya," akasema, "lakini hawadharau.
Kitabu kipya kina foleni ya vijana kumi na mmoja.
Nikuandike wa kumi na mbili?"

Foleni, kwa umri wangu!
Ndipo nikawa mwizi.

Sasa nasoma. Kuna msichana, Ylva,
mama yake amehamia Malmö na mtu wa kuuza madirisha.
(Mama yake Tuva yuko Umeå, wala hakuna mtu wa madirisha.
Nimeona vema niliweke wazi hilo.)
Kuna baba. Kila mtu akilia nyumbani,
baba huyo huenda bandani kutengeneza injini ya mashua.
Majira yote ya baridi anaitengeneza.
Injini haina ubovu.

Ukurasa wa mia mbili na tatu, mstari umepigwa kwa penseli ya kijani:
*Hakuuliza, nami sikusema, tukasifiwa wote wawili kwa ushupavu.*
Na pembeni, kwa mwandiko ule niliofundisha mimi,
ule wa herufi *a* yenye mkia mrefu kupita kiasi:
*baba na theluji yake.*

Nikafunga kitabu.
Nikakwangua hadi Moskosel na kurudi,
nikakwangua tena pale palipokuwa safi.
Paa wa theluji wawili walisimama barabarani wakinitazama
kama watu wanaosubiri jibu.

Asubuhi anakula mkate, macho mezani.
Nimevaa koti bado. Nasema, nikiitazama birika:
Yule baba wa Ylva.
Angeweza tu kuzima injini, akaingia ndani.

Kijiko kinasimama.
Kimya kinakaa nasi mezani, kinajimiminia kahawa.
Najiandaa kwa mlango kubamizwa, kwa neno wizi,
kwa Septemba nyingine ndefu.

"Umefika ukurasa wa ngapi?"

Maneno manne. Niliyahesabu.
Mia mbili na tatu, nikasema, na masikio yakaniwaka moto,
mimi mtu wa miaka arobaini na tisa.

Akainuka, akaenda chumbani kwake, akakaa huko muda mrefu.
Akarudi na kitabu kingine, chembamba, jalada limechanika,
kina doa la chokoleti, akakisukuma juu ya meza
kama mtu anayelipa deni asilotaka kulizungumzia.

"Hicho ulichoiba ni cha pili," akasema.
"Nani anaanzia cha pili, baba? Nani?"

Nje greda ilikuwa bado inanguruma.
Nikatoka, nikaizima.